Maboksi ya Msemaji

Siku hizi nikisikia dirisha la usajili limefunguliwa nacheka peke yangu. Mume wangu huniuliza nacheka nini, nami humwambia hakuna kitu. Lakini kipo. Ni sebule yangu ya zamani ya Arlington, Texas, kapeti ya rangi ya chai, na watu kama kumi tunagombana kuhusu beki wa kushoto ambaye hata sauti yake hatuijui.

Tulikuwa Watanzania watupu, ukimtoa mama mmoja wa Kikenya, nesi, jirani yangu wa ghorofa ya juu. Alishuka mara ya kwanza kulalamikia kelele, akaishia kubaki. Wengi wetu tulikulia nyumba ambazo redio ikianza kutaja nani kasaini wapi, mboga inaachwa iungue. Tulipofika Texas tukakuta timu ipo, uwanja upo, ila hakuna wa kubishana naye. Pale kazini kwangu wenyeji waliongea habari za mpira ule mwingine, wa kuvaa helmeti na kuangushana. Basi tukaichukua timu ya Dallas tukaifanya yetu, tukawa tunaibishania kwa Kiswahili kila Jumamosi.

Aliyetuongoza alikuwa kaka mmoja wa Tanga, mfanyakazi wa ghala huko Mesquite. Tulimwita Msemaji, kwa sababu kila klabu ya kwetu ina msemaji wake, na kazi ya msemaji ni kuongea hata pale ambapo hakuna la kusema. Huyu aliiweza. Alipofika kwangu, vumbi la ghalani bado likiwa mikononi, alikuwa na tetesi zote: nani anatakiwa Mexico, nani mkataba wake unaisha, nani hapikiki chungu kimoja na kocha. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine aliitunga njiani akiwa kwenye foleni ya magari, na ukimbana hakanushi.

Yeye ndiye aliyeanzisha utambulisho. Kila mgeni aliyeingia kundini alikalishwa kwenye meza yangu ya jikoni, akavishwa skafu, akapewa kalamu na karatasi tupu, akapigwa picha anasaini huku akiangalia kamera, kama wanavyotambulishwa wachezaji wapya nyumbani. Kisha alipewa namba. Mimi nilikuwa saba. Mama wa Kikenya alipewa tisa, akauliza, “Sasa hii mimi naifanyia nini?”

“Unafunga magoli, dada,” Msemaji akamjibu. “Au unaleta chapati.”

Akaleta chapati, na hakuacha kuzileta.

Na aliyehama alipewa Thank You. Nyumbani klabu ikiachana na mchezaji hutoa picha yake yenye maneno hayo mawili ya Kizungu, na ukishaiona ujue jamaa hana chake pale. Msemaji aliigeuza ikawa heshima. Mtu akienda Ohio kusoma, au Minnesota kuolewa, alitengenezewa picha yake, akaandikiwa kwa herufi kubwa kwamba klabu inamtakia kila la heri, ikatumwa kwenye kundi letu la simu. Dada mmoja aliilia picha yake mbele yetu. Nilimcheka, maana mimi ni mwepesi wa kucheka wenzangu.

Beki wetu wa kushoto hakuwa nyota. Alikuwa mfupi, anakimbia kupita kiasi, krosi zake nyingi zinaishia kwa mashabiki. Tulimpenda hivyohivyo. Jumamosi moja ikaja habari kwamba kapelekwa Houston, kwa mahasimu wetu. Hakuuzwa, kabadilishwa. Katika ligi hii timu mbili zinaweza kubadilishana wachezaji, na mchezaji akaamka asubuhi akaambiwa funga mzigo. Jambo hilo lilitushinda kabisa. Kwetu mchezaji hubembelezwa, wazazi wake hutafutwa, ikibidi anafichwa hotelini asije akaibiwa na wapinzani.

“Ati hakuulizwa?” nesi alisema. “Na bibi yake je? Na kama watoto wako shule?”

Msemaji alisimama katikati ya sebule. Nilimfahamu kwa miaka minne na sikuwahi kumwona amekasirika kweli, ila siku hiyo hakutia utani hata mmoja.

“Beki namsamehe,” alisema. “Hakuulizwa. Lakini natangaza leo, mbele ya wanachama wote. Atakayekwenda Houston kwa miguu yake mwenyewe, huyo Thank You yangu haioni!”

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Mimi nilikuwa nimeulizwa. Wiki moja kabla, mume wangu alikuwa amepata kazi Houston. Alinikalisha kwenye meza ileile ya utambulisho, akaniuliza kama niko tayari kuhama, nami nikasema ndiyo kabla chai yangu haijapoa. Nilichoka kuishi na mtu ambaye kazi yake ya zamani, ya mbali, ilimrudisha nyumbani mara mbili tu kwa mwezi.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Msemaji hakuwa mtu wa mpira tu kwangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, kwenye maegesho ya duka lililofungwa, akining'ang'ania kila Jumapili mpaka nikapata leseni. Ukiwa Arlington huna gari huna miguu. Mtu aliyekupa miguu, unaanzaje kumwambia kwamba unaitumia kumkimbia? Nikakaa kimya wiki tatu. Na kwa vile sina haya, nikamwomba yeye huyohuyo aniletee maboksi matupu kutoka ghalani.

“Ya nini, dada?”

“Ya kuwekea nguo za baridi.”

Nje jua lilikuwa linatoa watu jasho kwenye kivuli. Alinitazama tu, akasema sawa.

Alileta kumi na tano, mapya. Akakataa kusaidiwa. Aliyaunga mwenyewe barazani, amenipa mgongo, chini akayapiga solotepu mara mbili, akayaingiza ndani moja moja. Nikasema moyoni, huyu kaka jamani, hata boksi analifanyia mbwembwe. Nikampa soda, akainywa amesimama, akaenda zake.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Nilimwandikia tukiwa katikati ya safari, kwenye kituo cha mafuta: “Kaka, tumehamia Houston. Nisamehe sikusema.” Alama mbili za bluu zikatokea palepale. Jibu halikuja.

Halikuja siku ile, wala wiki ile. Tulipanga nyumba Sharpstown, jirani wa kulia Wakongo, wa kushoto familia ya watu wa Honduras, unyevu wa hewa kiasi kwamba taulo haikauki. Ilikuwa mahali pazuri pa kuishi kwa mtu aliyetaka kuishi hapo. Mimi sikutaka. Sikufungua mzigo. Nikihitaji bakuli nilichomoa bakuli, nikihitaji kanga nilichomoa kanga, maboksi yakabaki yamepangwa ukutani kama tunasubiri lori liturudishe. Mume wangu alisema mara mbili, mara ya tatu akaacha.

Kila siku nilifungua kundi letu kutafuta Thank You yangu. Wakati mwingine nilijikuta nafanya hivyo kazini, chooni. Wa Ohio alipewa, wa Minnesota alipewa, hata kijana mmoja aliyekaa nasi miezi miwili tu na kula kuliko wote alipewa. Mimi niliyetoa sebule, meza na chai, kimya. Halafu akaja mgeni mpya, nikaona picha yake anasaini kwenye meza nisiyoijua. Nikaangalia haraka kama amepewa saba yangu. Amepewa kumi na tatu. Nikasema, basi hata namba yangu wamesahau kama iliwahi kuwepo. Nilinuna, na mimi nikinuna nanuna kwa miezi. Sikumpigia, sikumwandikia. Timu ya Dallas ilipokuja kucheza Houston nilizima televisheni, na beki wetu ndiye aliyekuwa uwanjani, kavaa rangi ya chungwa ya Houston.

Mwezi wa nane tangu tuhamie, ofisi ya nyumba ikatuita. Mume wangu akaniuliza tena, kama alivyoniuliza Arlington, tuongeze mkataba au tutafute pengine. Nikamtazama jinsi alivyokonda kwa kunisubiri nitabasamu. Nikasema tuongeze. Tukasaini. Niliporudi ndani nikavua viatu, nikayaendea yale maboksi.

Vyombo vikaenda kabatini, kanga zikaenda drooni. La kwanza lilipokuwa tupu nililigeuza, nikakata solotepu ya chini ili nilikunje. Kile kipande cha chini, kilichokuwa kimefunikwa na kingine, kikafunguka. Kulikuwa na maandishi, kwa kalamu nene nyeusi ya ghalani.

THANK YOU, DADA. KLABU INAKUTAKIA KILA LA HERI HUKO HOUSTON. NAMBA SABA HAPEWI MTU MWINGINE.

Nikalimwaga la pili, nikalikata. La tatu. Yote kumi na tano yalikuwa na maneno yaleyale, ya mwisho yameandikwa kwa haraka, mkono umechoka. Aliyaandika kabla mimi sijamwambia kitu.

Nikampigia nikiwa sakafuni. Alipokea mara moja.

“Kaka, nimeona.”

Nyuma yake nilisikia mashine za ghala.

“Umekunja?” akauliza.

“Nimekunja.”

“Mangapi?”

“Yote.”

Alishusha pumzi. Mimi nikaanza kumgombeza, ndiyo tabia yangu nikiwa na furaha. Kwa nini asinitumie picha kama wenzangu? Miezi minane nimekaa najua kanifuta! Mtu gani anaandika kwaheri chini ya boksi?

“Dada,” alisema, “Houston nilishaijua, mumeo aliniuliza bei ya lori. Ningekutumia ile picha, ungekuwa umeondoka moja kwa moja. Nikaona niandike mahali ambapo hutaona mpaka siku utakayoamua kukaa. Boksi likiwa zima, mtu anaweza kurudi. Ulivyokuwa kimya, kila mwezi nilikuwa nasema afadhali, bado hajakunja.”

Nilikaa katikati ya makaratasi yale yaliyolala chini, nikalia kama yule dada niliyemcheka. Msemaji, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, hakusema kitu, na hakukata simu.