Zamu ya Kulala

Nyie mnaojifunza kusaidia familia zisizopata usingizi, mmeniomba niseme, nitasema. Shule niliishia darasa la pili. Lakini nyumba ya bati pale Usevya ni yangu, mashine ya kukoboa mpunga ni yangu, na hakuna aliyenipa hata msumari. Nilianza na jembe. Na usingizi nilikuwa nao. Nikigusa mkeka tu, nimekwenda.

Msimu mmoja mpunga uliiva vizuri. Mimi na mke wangu, mama Shija, tuliulinda na tembo usiku kwa zamu, juu ya dungu, kichanja cha mlinzi kule shambani. Mmoja analala, mwenzake anakaa na debe la kupiga. Siku moja mama Shija akashikwa na homa, akabaki nyumbani. Nikasema mimi mwanaume, nitalinda peke yangu. Nikapitiwa. Nilipoamka kumekucha, mpunga wote umelala chini, umekanyagwa. Sikusikia hata kishindo.

Tangu hapo usingizi ukanihama. Nilirudi nyumbani, tembo hakuna, lakini nikijilaza moyo unaruka, jasho linanitoka. Naamka, nashika mlango, nazunguka zizi, narudi. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Chakula kichungu. Nikawa mkali, nikamtupia mjukuu wangu bakuli kwa sababu alicheka. Hilo linaniuma mpaka leo. Watu wakasema nimerogwa. Na mimi kwa ujinga wangu nikawa najisifu kwamba mwanaume kamili halali.

Mchana mmoja nikasinzia nimesimama kwenye mashine. Mkanda ukachukua vidole viwili. Mnaona havipo. Nikapelekwa zahanati, daktari akanifunga bandeji, akapima presha, akauliza, "Mzee, mara ya mwisho kulala usiku mzima ni lini?"

Nikamwambia aachane na usingizi wangu, atibu mkono.

"Mkono nimeshautibu. Kilichokukata ni kukosa usingizi. Usipolala, mashine itakuja kuchukua mkono mzima."

Akaniomba ruhusa amtume Vero, mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Vero namjua tangu anatambaa. Alipofika nikamwambia, "Wewe ndo utanifundisha kulala? Mimi nimekubeba mgongoni."

"Ulinibeba nikalala, babu," akasema. "Leo nimekuja nikulaze wewe."

Alikuwa ametoka kwenye mafunzo kama haya yenu. Hakutoa karatasi. Aliuliza kila mtu wa nyumba ile analalaje. Nikawajibia wote: wanalala kama magogo, tatizo ni mimi tu. Akamgeukia mke wangu. "Na wewe, bibi?"

Mama Shija akaangalia chini. "Mwaka wa pili huu. Akiamka, naamka. Najifanya nakoroma asione aibu."

Nilijiona mlinzi peke yangu, kumbe tulikuwa wawili juu ya dungu, hakuna aliyeshuka kulala.

Vero akatupa masharti. Chai nzito jioni, basi. Kusinzia mchana juu ya magunia, basi. Kitandani niende usingizi ukija. Ukigoma nitoke, nikae kwenye kigoda mpaka urudi. Asubuhi niamke saa ile ile kila siku, hata kama sikulala. Nilibisha, kisha nikafuata. Ilisaidia nusu.

Nusu nyingine aliitoa mke wangu. Usiku mmoja akavuta kigoda akakaa mlangoni. "Baba Shija, lala. Zamu yangu. Yako ikifika nitakuamsha."

"Hapa hakuna tembo," nikamwambia.

"Najua. Lala."

Usiku ule nililala kidogo tu. Siwadanganyi, ilichukua wiki nyingi. Tukawa tunapokezana, mpaka siku moja tukaamka wote asubuhi, kigoda hakina mtu. Hata sasa kuna siku usingizi unagoma. Siuogopi tena.

Namshukuru Mungu, na yule daktari, na Vero huyu aliyekaa hapa, aliyenivumilia ubishi. Nyie mkiingia nyumba ya watu, msiishie kumsikiliza anayelalamika. Mtafuteni na yule anayejifanya anakoroma. Na wewe mzee mwenzangu unayejisifu hulali, angalia vidole vyangu.

Mama Shija yuko benchi la nyuma pale, ameshasinzia. Najua ni mchana, Vero usininunie. Mkitoka piteni polepole, msimwamshe. Leo zamu yangu.