Maji Yalipokataa Kupanda

Nimepakia mahindi Kitale, nimelinda ghala Mbale, nimeuza mitumba Kisumu, na kila mji niliouacha bado naukumbuka kwa harufu yake. Busia inanuka petroli na samaki wakavu. Hapa, upande wa Uganda, ndipo miguu yangu iliposhikwa. Nina duka dogo la jenereta, pampu za maji na injini za kusagia nafaka, na nina desturi moja: mteja haulizwi anataka mashine gani, anaulizwa ana kazi gani. Kisha mashine huwashwa mbele yake, aione ikifanya kazi ileile.

Asubuhi moja, mvua za masika zilipokuwa zimepungua, aliingia mama mmoja pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Viatu vyao vilikuwa vizito kwa udongo mwekundu. Walitoka Tiira, ambako watu huchimba dhahabu katika mashimo yao wenyewe, kwa sururu na kamba.

"Nataka pampu ya petroli," mama alisema. "Ile ya nguvu mingi."

"Una kazi gani, mama?"

"Maji imejaa shimo. Tangu mvua, hakuna mtu nashuka. Watoto wa watu wanataka kula."

Nikauliza shimo linaenda chini kiasi gani. Shemeji akanyoosha kidole kuelekea nyumba ya wageni ya ghorofa iliyo mkabala na duka langu. "Kama hiyo mpaka paa. Pengine inazidi."

"Na pampu mtaiweka wapi?"

"Ile tulikodi ilikataa kuvuta ikiwa juu. Sasa tunafunga kubwa na kamba, tunashusha. Mimi nakaa nayo chini." Alisema hivyo kama mtu anayekuonyesha atakapoketi kanisani.

Injini ya petroli ndani ya shimo hutoa moshi usio na njia ya kutokea. Unajaa kimya kimya, na mtu hulegea kabla hajapata sauti ya kuita. Niliwaeleza.

"Basi nipe ya nguvu zaidi," mama alijibu. "Ikiwa na nguvu, itakaa juu, itavuta kutoka juu."

"Mama, hata iliyo kubwa kuliko zote haiwezi. Kina hicho hakivutiki."

Shemeji akacheka kwa pua. "Huyu ameona viatu yetu, anafikiri sisi ni maskini. Duka ya pale wamesema yao inavuta hata kutoka kuzimu."

Ningeweza kuwaacha waende huko. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa ni nani atakayekaa chini. Nikavuka barabara, nikamwomba mwenye nyumba ya wageni ruhusa ya kupanda juu ya paa lake la zege. Tukaipandisha pampu yangu kubwa kwa ngazi, mimi na shemeji, jasho likitutiririka. Tukateremsha ukutani mpira mgumu wa kufyonzea, ule unaoonyesha kilichomo ndani, hadi kwenye pipa la maji pale chini. Mama alikataa kupanda. "Macho yangu yatabaki na maji," alisema, akabandua tope kwenye kiatu chake na kulikoroga ndani ya pipa, ili maji yawe mekundu na asidanganywe.

Nikavuta kamba, injini ikanguruma. Watu wakajaa: wasukuma mikokoteni, wabadilisha pesa, waendesha bodaboda wa pande zote mbili za mpaka. Maji yakaanza kupanda ndani ya mpira. Yakapita mlango. Yakapita dirisha la ghorofa ya kwanza, na watu wakapiga kelele, "Panda! Panda!"

Chini kidogo ya dirisha la ghorofa ya pili, yakasimama.

"Ongeza moto, fundi!" mtu akapaza sauti. Nikaongeza. Paa likatetemeka chini ya miguu yangu. Maji hayakusogea. Yalisimama palepale, mekundu, yakitikisika kidogo.

"Buda, hiyo maji imeonana na landlord, inaogopa kudaiwa kodi!" kijana mmoja wa bodaboda wa Kenya akapiga kelele, na barabara nzima ikacheka. Kisha kicheko kikaisha, na kila mtu akabaki ameinua uso.

Nilikuwa nimeambiwa zamani na aliyenifundisha kazi hii kwamba pampu haivuti maji. Inaondoa hewa tu ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kutoka chini, mpaka nguvu yake inapoishia. Nilijua maneno hayo kama mtu anavyojua methali. Siku ile niliyaona. Hewa ileile niliyoipita kutoka mji hadi mji bila kuihisi begani ilikuwa imeubeba ule mstari mwekundu ukutani, imefika mwisho wake, na hakuna injini duniani ambayo ingeiongezea nguvu. Mbali upande wa Tororo mwamba ulionekana, wa buluu, na kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba nao umesimama chini ya uzito uleule wa hewa. Nilishika ukingo wa paa.

Shemeji alikuwa kando yangu. Alivua kofia.

Tuliposhuka, mama alimtazama kwanza yeye. "Wewe ulikuwa unaenda kukaa na moshi." Kisha akanigeukia. "Sasa tufanye nini?"

Jenereta ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, nilimwambia, na waya upeleke umeme kwa pampu ya kuzamishwa, inayoyasukuma maji kutoka chini. Kusukuma hakuna mpaka kama wa kufyonza. Pampu hiyo sikuwa nayo. Mshindani wangu ng'ambo, upande wa Kenya, alikuwa nayo pamoja na jenereta iliyolingana nayo, nikawavusha mwenyewe. Aliponiona alinigusa paji la uso. "Leo umeniletea wateja? Una homa?"

Nilifuatana nao hadi Tiira, maana miguu yangu haijawahi kukataa safari. Tulipoizamisha pampu na kuwasha jenereta, mpira ulikohoa, kisha ukatapika maji ya rangi ya matofali. Yalitoka bila kukoma, na wachimbaji wa kikundi chao walisimama pembeni kama waliofika mbele ya kitu kikubwa. Shimo lilipokauka tuliizima jenereta. Mama hakuruhusu mtu kushuka mpaka kesho yake, shimo lipate kupumua.

Asubuhi shemeji alifungwa kamba kiunoni, akashuka. Kamba ilitambaa mikononi mwetu. Ikasimama.

"Hewa iko!" sauti ikatoka chini. "Hewa iko nzuri!"

Alipopanda tena, kilitokea kichwa, kisha mabega, kisha mdomo uliokuwa ukihema na kucheka pamoja. Mama alimfuta tope usoni kwa upindo wa leso yake, taratibu, kama anayehakikisha ni yeye.

"Nenda ule," alimwambia.