Siku Nilipoitwa Kumalizia Hadithi ya Jitu Sindano

Kuna watu wana aibu za kawaida, kama kukatikiwa kandambili mbele ya msikiti au kuitikia salamu isiyokuwa yao, nami nawaonea wivu, maana yangu ilinikuta nimekaa kwenye mkeka wa ukweni, nimevaa shati la kuazima, nakubali kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba baba mkwe mtarajiwa alitumbukia kwenye shimo la moto na gambuti zake. Mkitaka kucheka chekeni tu, mtaa wetu mzima wa Chikongola, Mtwara, ulishacheka kabla yenu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, nimemaliza kidato cha nne (kumaliza ni neno zuri, halisemi umemaliza vipi), na kwa kuwa mimi ni mtu nisiyependa kutoka nje, Mungu akanipa kazi inayonifaa. Mjomba Bakari alirudi kutoka Dar na runinga ya chogo pamoja na mashine ya gemu yenye pedi mbili, akaviweka barazani kwake, akaniambia niwe msimamizi. Usimamizi wenyewe ulikuwa kukaa. Vijana wakija kucheza nakaa, wasipokuja nacheza mwenyewe, vilevile nimekaa. Tatizo lilikuwa umeme. Umeme wa Mtwara wakati ule ulikuwa na tabia za mgeni wa heshima, unakuja ukipenda na kuondoka bila kuaga, na ukiondoka wakati mtu yuko katikati ya steji, huyo mtu hataki kusikia habari za mitambo, anataka zamu yake, na anaitaka kwako.

Ndipo siku moja, wasije wakanivunjia viti, nikawaambia wakae niwape hadithi. Nikamtunga kijana anaitwa Dadi, mcheza gemu wa Chikongola hapahapa, ambaye umeme ulikatika ameshika pedi, na badala ya runinga kuzimika, ikamvuta yeye ndani, kichwa kikitangulia, kandambili zikabaki barazani. Huko ndani akakuta dunia ya gemu yenyewe, mawe yanaelea, sarafu zinazunguka hewani, uyoga una meno, na kila mwisho wa steji kuna bosi anamsubiri, na asipomwangusha bosi wa mwisho harudi kwa mama yake. Wale wateja wakatulia kama wamenyweshwa dawa. Umeme uliporudi wakaniambia nizime nimalizie.

Sasa mtu asiyetoka nje mabosi atawatoa wapi? Nikachukua niliokuwa nao mtaani. Bosi wa kwanza alikuwa muuza maji mmoja mwenye mkokoteni, wa pili mama wa nyumba ya jirani ambaye silaha yake ni kuuliza maswali mpaka adui azimie, na bosi wa mwisho nikampa jina Jitu Sindano. Hili lilikuwa linavaa gambuti za mvua jua kali, lina mwavuli ambao likiufungua risasi hazipiti, lina bomba la sindano la ng'ombe lenye urefu wa mkono, na kabla ya kushambulia ni lazima lipige chafya tatu, hapo ndipo Dadi anapopata nafasi ya kulirukia kichwani. Hakuna aliyeniuliza nimelitoa wapi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mzee Halifa, bwana mifugo mstaafu, mwenye gambuti, mwenye mwavuli, na mwenye chafya tatu zinazosikika mpaka sokoni.

Mzee Halifa alikuwa pia na binti, Zainabu, ambaye alimsaidia baba yake kazi za watu waliomwita kutibu mifugo, yaani mzee anachoma sindano, binti ndiye anamshika ng'ombe pembe. Alikuwa anakuja barazani kuwafuata wadogo zake, anasimama pembeni anajifanya anawasubiri, hadithi inaendelea. Siku aliposikia chafya za Jitu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Huyo baba kabisa," akasema. "Siku akikusikia atakuchoma ya kichaa cha mbwa."

Mapenzi yetu yalianzia hapo, kama mapenzi ni kitu mtu anaweza kukifanya amekaa. Miezi ikapita, yeye anasimama kwenye nguzo, mimi niko kwenye kiti, mpaka siku moja akachoka.

"Hemedi, tuma watu kwa baba. Mimi nikiulizwa nitasema ndiyo."

Mjomba akamchagua Mzee Chitanda kuwa mshenga. Mzee Chitanda alikuwa jirani yetu na fundi wa maneno, na tena mpenzi mkubwa wa hadithi ya Dadi, umeme ukikatika yeye wa kwanza kufika, na kiti chake mkononi. Siku moja kabla ya posa akaja barazani kupanga mazungumzo, na umeme, kwa sababu ya bahati yangu, ulikuwepo. Nilikuwa na roho moja ya mwisho kwenye steji ambayo sijawahi kuivuka tangu mashine ile ishushwe kwenye gari.

"Hemedi, huyu mzee ni Myao?" akaniuliza.

Nilijua nini mimi? Nilishamsikia akiongea Kiyao na wauza dagaa, na nilijua alihamia Mtwara kutoka Tunduru. Kwenda kuuliza kwa hakika nyumba ya tatu kulihitaji kuinuka. Nikasema, "Ndiyo," macho yangu yakiwa kwenye runinga.

"Basi kazi nyepesi. Huyo mtani wangu. Tutaingia na utani, tutatoka na mke."

(Kwa wasiotoka kwetu: sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Mtani anaweza kuja msibani kwako akamsema marehemu kwa uchoyo, akalala kwenye jeneza akasema na yeye apelekwe, na wewe unacheka huku unalia, ukikasirika wewe ndiye mshamba. Lakini asiye mtani wako ukimfanyia hayo si utani tena, umemtukana, tena nyumbani kwake, tena watoto wake wanasikia.)

Ile roho ya mwisho nayo ikafa palepale.

Kesho yake wazee wakavaa kanzu wakaenda, na mimi kwa desturi nikabaki nyumbani, sehemu ya posa ninayoiweza kuliko zote. Ya mwanzo nilisimuliwa na mjomba. Anasema Mzee Chitanda alivua viatu mlangoni, akaupita mkeka waliotandikiwa wageni, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akanyoosha miguu.

"Leo nyumba hii haina baba," akasema. "Tumekuja kumchukua binti wa Jitu Sindano, na Jitu lenyewe litupishe, likapige chafya nje."

Kukawa kimya. Mzee Chitanda akakiona kile kimya ni cha mtani anayetafuta jibu, akaamua kumpa muda kwa kuendelea. Akaeleza gambuti. Akaeleza mwavuli. Akaeleza bomba la sindano na urefu wake, na mjomba anamvuta kanzu, na yeye anaendelea, na mjomba anavuta, mpaka mshono wa ubavuni ukaachia. Alipofika kwenye chafya, Mzee Halifa akapiga chafya. Zote tatu. (Vumbi la mkeka, masikini wa Mungu.) Nyuma ya pazia wanawake wakashindwa kujizuia.

"Si mnaona," akasema Mzee Chitanda.

"Mzee mwenzangu," Mzee Halifa akamuuliza taratibu, "kwani wewe kabila gani?"

"Mmakonde, mtani wako."

"Mimi Mrangi. Wa Kondoa. Tunduru nilipelekwa na serikali kuchanja ng'ombe."

Mjomba anasema Mzee Chitanda aliinuka kwenye kile kiti polepole, makalio yakitangulia kuomba radhi.

Mimi nyumbani nilikuwa nimeshafika kwenye kufikiria watoto watafanana na nani. Nikamwona mjomba anakuja peke yake, mwendo wa haraka.

"Vaa shati. Unaitwa."

"Wamekubali?"

"Vaa shati, Hemedi."

"Langu halijakauka."

"Vaa langu."

Shati la mjomba lilinifika magotini, nikaenda hivyohivyo, natabasamu njia nzima, nasalimia watu ambao siku zote nawapita kimya. Nilipoingia tabasamu likatafuta pa kwenda. Mzee Chitanda alikuwa mkekani, anachunguza mabati juu kama fundi. Mzee Halifa alikuwa kwenye kiti chake, mwavuli umeegemea ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Huyu mjumbe wako ameishia pale ninapopiga chafya ya tatu. Anasema hadithi ni yako. Malizia."

Mbele yangu kulikuwa na mke, na kati yangu na huyo mke kulikuwa na hadithi, kwa hiyo nikafanya kile ambacho kila mwoga angefanya, nikaigeuza.

"Basi, Dadi akaliangalia lile Jitu," nikasema, "akaona kumbe ni mfalme mwema, mwenye busara, mwenye kupenda wanyama..."

"Siyo hivyo," ikasema sauti nyuma ya pazia. Ilikuwa ya shangazi yake Zainabu, mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga baraza yetu, ndipo nikaelewa wale watoto wa nyumba hii walikuwa wanaipeleka hadithi nyumbani steji kwa steji. "Alirukiwa kichwani, akatumbukia kwenye shimo la moto."

"Na gambuti zake," akaongezea mwingine.

Mzee Halifa akanigeukia. "Na gambuti?"

"Na gambuti, baba."

"Zangu hizi?"

"Zinafanana."

Nikasubiri mwavuli unishukie. Lakini nikaona mdomo wake unachezacheza, halafu mabega, halafu mzee mzima akacheka mpaka akapiga chafya nyingine, na safari hii hata mjomba alicheka.

"Nimeishi na Wayao nusu ya maisha yangu," akasema, "utani naujua. Mzee Chitanda, wewe hukukosa adabu, umekosea nyumba. Leta jogoo wa faini, tutamla pamoja, yaishe."

Jamani, ilikuwa imeisha. Nilikuwa nimepona. Mtu mwenye akili angesema ahsante baba, akanyamaza, akaoa. Mimi, kwa kuwa nimesifiwa kwa kicheko, nikaona niwape na kipande ambacho hawajakisikia, nilichokitunga siku chache nyuma wakati wale watoto hawapo.

"Na baba, Jitu lilipoanguka, Dadi akavunja kizimba akamtoa binti yake."

"Binti gani?" Sauti hii niliifahamu. Ilikuwa ya Zainabu.

"Binti wa Jitu," nikalijibu pazia. "Alikuwa kafungiwa tangu steji ya kwanza, anamsubiri Dadi."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo binti. Dadi ana jina, Jitu lina jina, hata uyoga umeupa meno. Yeye anaitwa nani?"

Nikatafuta. Hakuwa na jina. Nikasema, "Binti wa Jitu," kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.

"Steji zote hizo anafanya nini?"

"Analia."

"Halafu?"

"Anachana nywele."

Shangazi akaguna. Zainabu hakuguna, na niwaambie kweli, alichosema ndicho ninachokikumbuka kuliko vicheko vyote vya mtaa.

"Mimi nashika ng'ombe pembe, Hemedi. Umeniona kwa macho yako. Miezi yote hii nimesimama pale naongea na wewe, umenisikia nikilia?"

"Hapana."

"Huyo Dadi alipofika, alimuuliza kama anataka kutoka?"

"Mlango ulikuwa umeshavunjika," nikasema. Hilo ndilo jibu nililolipata. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta lingine na nimepata mazuri sana, lakini siku ile lilikuja hilo.

Mzee Halifa akakohoa. Kwa desturi ilikuwa zamu yake, na yeye mtu wa taratibu. "Zainabu, wageni umewasikia. Wanasubiri neno lako."

Mimi jibu nilikuwa nalijua, nilishaahidiwa. Nikaanza hata kuivuta mikono ya shati la mjomba ikae vizuri.

"Waambie hapana, baba," Zainabu akasema. "Waambie kwa adabu, na jogoo aje, nitampika."

Na kweli alimpika. Tulikula sote, mchuzi mzuri wa nazi, na mimi nilikuwa nameza huku naangalia pazia ambalo halikutikisika tena. Tulipofika kwenye baraza mjomba akanigeukia.

"Hemedi," akasema, "umemkosa mke kwa ajili ya mke ambaye hata hayupo."

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Mwaka mzima hakuna mtu aliyepita barazani bila kunipigia chafya tatu, wengine hata mafua hawana. Wateja walitaka kujua Dadi ameoa au amerudi kwa mama yake. Mzee Chitanda na Mzee Halifa wakawa marafiki wa kutembeleana kila Ijumaa, eti utani wameufungua wenyewe, Mmakonde na Mrangi, wa kwanza duniani, kwa hiyo posa yangu ilifanikiwa kwa kila mtu isipokuwa mimi. Zainabu aliolewa Newala na mwanamume ambaye, nasikia, hutoka nje ya nyumba yake kwa hiari. Nilimtumia salamu za heri, akanirudishia za kwake, hakuna ubaya.

Mimi nikaapa. Hadithi sikuacha, sina kazi nyingine ninayoiweza nikiwa nimekaa, lakini niliapa sitamweka mtu ndani ya hadithi yangu kabla sijamuuliza anataka kufanya nini humo. Mke niliyenaye sasa nilimuuliza mapema, kabla hata mshenga hajatafutwa, angependa awe nani. Akafikiri, akasema angependa asiwemo kabisa. Ndiyo maana mmesoma mpaka hapa na hamumjui.