Mguu wa Kushoto Katika Safu

Mgongo wangu ulipasuliwa Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kutembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Alhamdulillahi, maumivu yaliondoka. Nilirudi kijijini kwetu Shumba nikitembea wima, hata majirani wakaniona nimerefuka. Wiki ya tatu, nikiwa nimekaa ukumbini nachagua mchele, mguu wa kushoto uliruka wenyewe ukapiga ungo. Mchele wote chini.

Daktari wa Chake Chake alinieleza taratibu. "Bibi, si shetani wala si kiharusi. Mshipa wa fahamu ukiguswa kwenye upasuaji wa uti wa mgongo, mara chache huanza kuuchezesha msuli bila ya mwenyewe kutaka. Dawa zitapunguza. Kwamba mchezo huo utakwisha kabisa, siwezi kukuahidi."

Kweli zilipunguza. Nikisimama mguu hutulia. Nikikunja goti ndipo unapoanza: mara tatu, nne, saba, kisha hunyamaza.

Na kwenye kukunja goti ndipo ulipokuwa mtihani wangu. Kila Jumatano wanawake huja nyumbani kwangu kwa darsa ya fiqhi, elimu ya sheria za ibada, na ikiingia alasiri tunasali jamaa, sote pamoja. Mwanamke anayewasalisha wanawake wenzake hasimami mbele. Husimama katikati ya safu, bega kwa bega nao. Hapo nilisimama tangu alipofariki mama yangu, aliyesomesha kabla yangu. Na hapo hapo niliwafundisha kwamba vitendo vitatu vya kufuatana, visivyo vya sala, huibatilisha sala. Wapo niliowaamrisha warudie kwa sababu ya kujikuna tu.

Basi nikaacha kusalisha. Darsa ikimalizika nasema nimechoka, naingia chumbani kusali peke yangu. Nao wakawa wanasali kila mmoja kivyake, kisha wengine wakaanza kuondoka kabla ya adhana, kisha wengine hawaji kabisa. Niliona darsa ya mama yangu inanifia mikononi.

Siku moja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinifuata chumbani.

"Wifi, umechoka na sisi au umechoka na Mungu?"

"Astaghfirullahi! Huuoni mguu huu? Nitawabatilishia sala zenu."

Akanyoosha mikono yake, ambayo hutetemeka siku zote tangu uzee ulipomwingia. "Na hii je? Nilipokuuliza habari yake ulinambia nini, mwalimu?"

 Siku ile nilikuwa nimemwambia kwamba asichokitaka mtu na asichoweza kukizuia hakihesabiwi, yeye asali tu. Nilimjibu upesi, bila hata kufungua kitabu.

"Au fiqhi ya wifi ni nyingine na ya mwalimu nyingine?"

Alipotoka nikafungua kitabu. Mas-ala yenyewe, hukumu ya asiyeweza kujizuia, ilikuwa palepale, na chini yake mstari wa penseli nilioupiga mwenyewe nilipokuwa msichana nasomeshwa. Nililia kidogo, kisha nikacheka.

Jumatano iliyofuata nilisimama katikati. Wifi akajibana kushoto kwangu kabla hajatokea mwingine. Tuliposujudu mguu ukaanza, ukajitupa upande, ukampiga kifundo cha mguu. Hakusogea hata shubiri. Nilimaliza sala, nikaomba dua, wakaitikia.

"Nimepigwa sita," wifi akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Tangu ulipoolewa na kaka yangu ulikuwa unaitafuta nafasi hii!"

Safu nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka mpaka mshono wa mgongo ukanivuta.

Mguu bado unaruka. Dawa nakunywa, na mchele sasa nauchagua juu ya meza. Waliokuwa wameacha darsa wamerudi, tena wamekuja na binti zao. Wifi naye, kila Jumatano, kabla ya iqama ya kuanza sala huvaa soksi ndefu za mpira wa miguu za mjukuu wake anayecheza uwanja wa Gombani, kisha husimama palepale, kushoto kwangu.