Wanasema mama yangu aliwapa wanangu sumu, kumbe ni upele

Admin, nifichie jina. Majina ya watoto nimeshayabadili mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi hapa Bukavu na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe. Mume anafanya kazi kwenye ofisi ya ONG, yaani shirika la misaada, mama mkwe ni mama wa kanisa ambaye parokia nzima inamjua. Nyumba yetu inaheshimika, na hiyo heshima ndiyo inataka kunimalizia mama yangu mzazi.

Mambo yalianza mama mkwe alipotoka kwenye msiba Minova. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo, akina mama wanalala chini wote pamoja, wanabanana chini ya blanketi moja. Alirudi anajikuna, akasema ni mbu wa kule. Asifiwe, binti yangu mkubwa, analala kitanda kimoja na bibi yake, naye akaanza kujikuna. Sikujali, nilidhani kweli ni mbu.

Baadaye kidogo mama yangu akaja kutoka Nyangezi kutusalimia. Alituletea maziwa ya kuganda, watoto wakanywa mpaka wakalamba vikombe. Haikupita muda wote watatu wakatokwa na vipele kwenye vidole, kiunoni, makwapani. Hakuna aliyekuwa analala. Mama mkwe akatamka neno moja tu: karuho. Kwa msio wa huku, karuho ni ile sumu ya kuwekewa kwenye chakula, na hapa Bukavu ukishatajwa kwamba unaitoa, umekwisha. Vijana wa mtaa hawasubiri maelezo.

Nikawapeleka watoto kituo cha afya. Muuguzi aliwaangalia vidole tu. "Maman, hii iko gale," akaniambia, yaani ule upele wa vidudu vinavyochimba ngozi. "Mupake dawa ya benzoate bote mu nyumba siku moya, ata benye habajikunake. Mufule mashuka na maji ya moto. Mukiacha muntu moya, itarudia."

Nikarudi na dawa nimefurahi kama mjinga. Mume wangu, na diploma yake ukutani, akawaka. "Gale? Gale iko ya bantu bachafu! Unataka niende ku bureau niko nanuka benzoate?" Mama mkwe hakutaka hata kuiona chupa. Nikajipaka mimi na watoto. Wakapona, Asifiwe akarudi kulala na bibi yake, vipele vikarudi kwa wote. Nikapaka tena, vikarudi tena. Na kila vikirudi, mama mkwe anapiga makofi: "Si munaona? Gale gani yenye kupona na kurudia? Iyo njo karuho!" Nawaambieni ukweli, kwenye nyumba hii kulishwa sumu kuna heshima kuliko kuwa na upele.

Halafu nikagundua chupa inapungua bila mimi kuigusa. Benzoate ina harufu isiyofichika, na harufu hiyo niliikuta kwenye korido, mama mkwe alipotoka kupita. Ndipo nikakumbuka kwamba siku hizi anavaa mikono mirefu hata jua likiwaka, na kwenye misa, wakati wa kutakiana amani, anapunga tu kwa mbali, yeye aliyekuwa anashika mikono ya benchi zima. Nikamfuata chumbani. Alikuwa anajipaka vidole. Mgongo haufikii, na hawezi kumwomba mtu.

"Maman, kumbe munajua," nikamwambia.

Hakukana. Machozi yalimlengalenga. "Mama Asifiwe, miye njo naongozaka bamaman ku paroisse. Bakisikia niko na gale, nitapita wapi? Mama yako iko mu kijiji. Batasema, kisha batasahau."

Nilimhurumia na nikamchukia kwa wakati mmoja. Nilipomweleza mume wangu, alisema namsingizia mama yake ili nimwokoe wangu, na kwamba nikirudia tena nitafunga mizigo yangu.

Sasa Jumapili Asifiwe anapokea komunyo ya kwanza. Nimemsikia mume wangu akipanga na tonton zake, yaani wajomba na baba zake wadogo: wageni wakishakula, watamkalisha mama yangu katikati aseme karuho aliitoa wapi. Nikimzuia asije, watasema amekimbia kwa sababu anajijua. Nikisimama nikamwambia mama mkwe akunje mikono ya gauni watu waone, nitakuwa nimemvua nguo mama mtu mzima siku ya sherehe ya mjukuu wake. Ndoa yangu itaishia hapo, na watoto hawataniachia.

Leo mama yangu, ambaye watoto wanamwita koko, amepiga simu. Hajui lolote, maskini. "Nimesha gandisha maziwa ya bajukuu," akaniambia, sauti imejaa furaha. "Na siku ya posho nitalala nabo kitanda kimoya. Nimebakumbuka sana." Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, mkesha wa komunyo.

Asifiwe alikuwa pembeni yangu, anajikuna mkono. Akanivuta kitenge. "Maman, umuambie asilete maziwa. Papa alisema tusikunywe bya ule koko tena."

Nikamwambia mama, "Sawa, maman, karibu," nikakata simu nikalia.

Ndugu zangu, siku zinakwenda na mama anajiandaa kuja kwa furaha zake. Nimvunjie mama mmoja heshima ili nimwokoe mwingine? Nishaurini, nifanye nini?