Wimbo wa Kunyweshea Ng'ombe

Sila, mume wangu, alipokuwa kijana kazi yake ilikuwa kulala. Msicheke, nasema kweli tupu. Alikuwa mpiga zeze, na pale kwetu karibu na Gulwe kila mtu alikubali kwamba vidole vile hana mwingine. Lakini alikuwa ameshikilia neno la babu zake, kwamba wimbo mzuri huletwa ndotoni na wazee waliotangulia. Basi yeye akawa anaufuata hukohuko uliko. Wenzake wako shambani wanapalilia uwele, yeye kivulini, chali, zeze kifuani. Ukimwambia, "Sila, tuimbie," anakujibu bila hata kufumbua macho, "Haujanijia."

Na kweli, mara mojamoja ulimjia. Siku hiyo, jamani! Watu walikuwa wanaacha ugali ukipoa. Kisha msimu mzima unapita, kimya.

Mimi nilimpenda, sitaki kuzungukazunguka. Nilimpenda mpaka nikawa natia chumvi kwenye mlenda mara mbili, na mama akaniuliza kama nina homa. Siku aliyokuja kuniposa nilijibanza nyuma ya ukuta wa tembe letu, nikatega sikio.

Baba yangu, mzee Elieza, alisifika kwa mambo mawili, ng'ombe wake na ulimi wake.

"Kazi yako nini, kijana?"

"Naimba, baba."

"Unaimba lini?"

"Wimbo ukinijia."

"Na usipokujia?"

"Nausubiri."

Baba akakohoa. "Na binti yangu atakula lini? Ugali nao ukimjia?"

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi machozi yalinitoka pale nyuma ya ukuta, maana nilijua baba hatanii. Akamwambia, "Kiangazi hiki utaninyweshea ng'ombe, kila siku ya Mungu. Mvua zikianguka na wote wapo, njoo tuzungumze. Ukikosa siku moja, au akipotea mmoja, usikanyage hapa na hilo zeze lako."

Sasa sikilizeni. Kwetu kiangazi mto unabaki mchanga mtupu. Kila ukoo huchimba kisima chake humo mchangani, na kando yake hutengeneza hori la udongo la kunyweshea. Mifugo hufika yote pamoja, ina kiu, vumbi huoni mbele. Usipowaita ng'ombe wako watakwenda kunywa kwa jirani, na jirani atakujia na rungu. Ndiyo maana kila mnyweshaji ana wimbo wake, uleule kila siku, na ng'ombe wake hufuata huo tu.

Siku ya kwanza Sila alishuka kisimani, akajaza hori, akasimama. Ng'ombe wakamtazama. Yeye akawatazama.

"Imba, wewe!" akapiga kelele Bartolomayo, mwenye kisima cha jirani.

"Haujanijia!"

Ng'ombe wa baba wakageuka wote wakaenda kwa Bartolomayo, wakalikanyagakanyaga hori lake likawa tope. Matusi aliyoyatoa yule mtu siwezi kuyarudia, mimi nimebatizwa.

Kesho yake Sila aliimba kwa woga wa rungu. Kiwimbo chenyewe kilikuwa "njooni, maji haya, njooni," basi, kinaanza upya. Kibaya! Nilikuwa nimekuja kuchota maji na wanawake wenzangu, nikajifunika uso kwa kaniki yangu.

Alinilalamikia sana. "Raheli, nimeharibika mimi. Hizi ni kelele za ng'ombe, si wimbo. Na nikilala siku hizi sioti hata ndoto moja, nalala kwa uchovu tu."

"Imba hivyohivyo," nikamwambia. "Mimi sitaki ndoto, nataka kuolewa."

Akaendelea. Alfajiri anatoka, anazibua kisima, anateka, anaimba, amenuna. Mimi mwenyewe niliuzoea ule wimbo nikawa siusikii tena.

Kulikuwa na mchuuzi wa Kondoa, Hassani, aliyepitapita kuwauzia tumbaku watu waliokuwa wakijenga reli ya Wadachi. Punda wake alikuwa anakunywa kwenye hori letu. Mara ya kwanza alimuuliza Sila, "Kijana, una huo mmoja tu?" Alipopita tena akasema, "Alaa! Nimekwenda mpaka Kondoa nimerudi, bado ni huohuo?" Tukacheka, Sila akazidi kununa.

Lakini kiangazi kilipokuwa kimekolea akapita tena, na safari hii hakutania. Punda akanywa akamaliza, Hassani bado amekaa mchangani na tumbaku mkononi, hajaivuta.

"Huu mpya umeutoa wapi?"

"Mpya upi? Ni uleule, Hassani."

"Usinidanganye, mwanangu. Ule ulikuwa unakwaruza masikio."

Hapo ndipo na mimi nikausikia. Mama wee! Kumbe siku moja kamba ya kutekea ilikwama, Sila akalivuta neno "njooni" mpaka kamba ikalegea, ng'ombe wakainua vichwa, naye akaliacha hivyo. Siku nyingine alitia majina ya ng'ombe. Kisha alipokuwa anapumzika kuvuta pumzi, Bartolomayo kule kwake akawa anamjazia lile pengo bila hata kujijua, na wanaume wa visima vya chini wakaitikia kwa sauti nzito. Ulikuwa umekuwa wimbo wa kukusimamisha nywele, na mwenye wimbo hana habari.

"Mbona sikuuona ukiingia?" Sila aliniuliza jioni ile. Alikuwa ameshangaa kabisa, maskini.

Mwishoni mwa kiangazi reli ikafika Gulwe. Mifugo ilikuwa mtoni, ndiyo kwanza inaanza kunywa, gari la moshi likapiga mlio wake wa kwanza. Lo! Ng'ombe wa koo zote walipaa. Waliingia porini wamechanganyika, vumbi likafunika mto, na wanaume wakawafuata mbio wakipiga makelele, jambo ambalo liliwazidishia mbio. Baba akaja na fimbo yake, anahema. "Ng'ombe wangu! Ng'ombe wangu!"

Akipotea mmoja tu, mimi na Sila basi.

Sila hakukimbia. Alishuka kisimani, akaanza kuteka.

"Unafanya nini, mjinga wewe?" baba akamfokea. "Wafuate!"

Sila akajaza hori. Akaimba. Nami nikamwomba Mungu na wazee waliotangulia, wote kwa pamoja. Alipofika kwenye pengo lake, Bartolomayo aliyekuwa anafukuza ng'ombe wake akasimama, akaitikia. Na wale wa chini wakaitikia.

Akatokea jike mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, anatembea taratibu kama siku zote. Nyuma yake wawili. Kisha wengi, wakijichomoa katikati ya mifugo ya watu. Baba alisimama horini akimgusa kila mmoja mgongoni, anahesabu. Wa mwisho alikuwa mtamba mweusi, anaburuta tawi la miiba mkiani, amechukia.

Baba alirudia kuwahesabu, wote wapo. Kisha akainama juu ya kisima. "We Sila! Mchukue binti."

"Mvua bado, baba," Sila akajibu kutoka chini, tope mpaka masikioni.

"Nisubiri mvua ya nini? Lakini kesho alfajiri uwe hapa."

Nilipiga vigelegele mwenyewe, bila aibu, mbele ya wanawake wote.

Arusini watu walimzunguka Sila. "Leo tupe ule wa ndotoni!" Akakaza nyuzi za zeze, akanitazama, akapiga ule wa kisimani. Hata ubeti wa kwanza haujaisha tukasikia kishindo. Ng'ombe wa baba walikuwa wamevunja boma la zizi, wakaja moja kwa moja mpaka katikati ya wachezaji, wakasimama wakimtazama bwana arusi, wanadai maji yao.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Sila akaweka zeze, akakunja kanzu yake mpya, akashika njia ya mtoni huku anaimba, ng'ombe nyuma yake, na wageni nyuma ya ng'ombe wakiitikia. Nami nikachukua kata ya maji, nikamfuata.