Kata ya Mzee Sifaeli

Mzee Sifaeli, mkulima wa kahawa na ndizi kule Akheri, alizaliwa na kigugumizi, na majirani zake wana roho nzuri kupita kiasi: hawawezi kumwona mtu amekwama kwenye neno wasimsukume. Haraka haraka haina baraka, wote wanaujua msemo huo, ila si mbele ya Sifaeli. Siku moja dukani alitaka su-su-sukari. Muuza duka akamalizia, "Sumu ya panya?" Sifaeli akaona kukubali ndiyo njia fupi. Akalipa, akashukuru, akaenda nayo nyumbani. Hanna, mkewe, akamuuliza kama kuna panya.

Ulevi wake ulikuwa wa mbege tu, pombe ya ndizi na ulezi. Bia hakuitaka, pombe kali aliitema. Lakini mbege ya kilabuni kwa Mama Paskalina aliinywa mpaka akalala migombani viatu vikiwa mkononi. Mwishowe binti yake Nancy akamwambia, "Baba, nakuheshimu. Ila ukija umelewa kwenye sendofu yangu, siku ya kuniaga kabla ya harusi, baba mdogo Ezra ndiye atakayenikabidhi." Yalimchoma maneno hayo. Akajipeleka mwenyewe kwenye nyumba ya kuacha ulevi, Lemara, kwa mara ya tatu.

Mshauri wa pale, Pudensiana, alikuwa dada msomi, mwema, mwenye haraka. Safari zilizotangulia alimuuliza, "Mzee wangu, kwa nini unakunywa?"

"Nakunywa ku-ku-"

"Kusahau?"

Sifaeli akaitikia kwa kichwa. Basi akatibiwa huzuni ambayo hakuwa nayo, akalia pale alipotakiwa kulia, akaruhusiwa, akapitia kilabuni.

Safari hii Pudensiana alikuwa na mafua, sauti imekauka. Aliuliza swali lilelile kwa kunong'ona, sauti ikaishia hapo. Sifaeli akafika kwenye "ku-ku", akasubiri aletewe neno lake. Halikuja. Loo! Ikabidi alitafute mwenyewe.

"Nakunywa ku-ku-kuongea," akasema, na wote wawili wakashtuka.

Akaeleza polepole. Kwa Mama Paskalina mbege hunywewa kwa kata moja, kibuyu chenye mpini, inayozunguka. Aliyeishika, wenzake hunyamaza mpaka anywe, aseme lake, aipitishe, hata akichukua muda gani. Bia je? Kila mtu na chupa yake, kelele tupu. Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

"Nisamehe, mzee," Pudensiana akanong'ona kwa aibu. "Nilikuwa natibu neno langu mwenyewe." Kisha akauliza kama ni lazima kata iwe na mbege. Sifaeli akasema hajawahi kujaribu.

Siku ya sendofu alisimama mbele ya ukumbi akiwa hajaonja pombe hata tone, kata ya maji mkononi.

"Nancy mwanangu, na-na-naku-"

"Nakupenda!" Ezra akamalizia kutoka meza kuu. Vigelegele vikapigwa, makofi, na mpiga muziki akafungulia wimbo.

Maisha yake yote Sifaeli angekubali hapo, akaketi. Leo alitikisa kichwa kukataa. Akainua kata, akapiga funda moja. Wazee wakaiona, wakanyamaza kwa mazoea, na ukumbi mzima ukawafuata. Muziki ukazimwa.

"Nakuo-o-omba msamaha," akasema.

Bado alikuwa na mengi. Pilau ikapoa. Nancy alisimama mbele yake, machozi yakimchuruzika, asimsaidie hata herufi moja.